Kumrudisha mpwa wangu Handeni

Jumapili: Dar es Salaam hadi Korogwe

Basi limetoka stendi ya Magufuli pale Mbezi saa kumi na mbili na robo asubuhi. Chalinze tumekunywa chai. Mkata tumesimama wauza machungwa wakajaa madirishani, na hapo nimejiinamia kwenye kiti kama mtu anayefunga kamba za viatu. Mkata ndiyo njia panda ya kwetu. Sikutaka mtu wa nyumbani anione leo, nikaanza kuulizwa maswali barabarani kabla sijarudi na ninayemfuata.

Ninayemfuata ni mpwa wangu, mtoto wa kwanza wa dada. Ana miaka 28. Amelazwa Lutindi, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyo milimani juu ya Korogwe. Wamenipigia simu kwamba ametulia, ndugu aende akamchukue na akae nao kidogo apate maelekezo.

Ugonjwa ulimpata akiwa kibarua wa kupakia machungwa kwenye mafuso. Alianza kusema watangazaji wa redio wanamtaja yeye. Akaacha kulala, akawa anakula mayai ya kuchemsha tu kwa kuwa hayawezi kutiwa kitu. Kila aliyemwona alikuwa na jina lake la kuliita jambo lile: bangi, jini, mkono wa mtu. Alipita kwa waganga wawili kabla ya kufika kwa daktari, na kwa wa pili alikaa amefungwa mnyororo mguuni.

Tukiwa Segera dada amepiga. "Kaka, waombe wakae naye kidogo tena. Mpaka apone kabisa."

Nimemwambia tutaongea. Basini huwezi kumweleza mtu skizofrenia, maana ndilo jina la kitabibu la ugonjwa wa mpwa. Wapo wanaoipata mara moja ikaisha, wapo inayowarudia kila baada ya muda, na wapo wengi wanaoishi nayo miaka yote wakiwa na dawa, kazi na watoto. Anayengoja "kabisa" ndiye anayemwacha ndugu yake azeekee wodini. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu milioni 24 wana ugonjwa huu, kama mtu 1 kati ya 300. Ukiipeleka hesabu hiyo kwenye kata ya watu 9,000 unapata 30. Kwetu kila mtu anamjua mmoja tu, yule aokotaye makopo stendi. Hao wengine wako vyumba vya uani.

Jumatatu: Lutindi

Noah imejaa watu, mafuta ya taa na vifaranga. Tumeiacha lami, mkonge ukabaki chini kule umepigwa mistari, na baridi ya Julai ikatupokea njiani. Mimi wa Dar nimekuja na shati la mikono mifupi.

Nimemuuliza njia ya ofisini mtu aliyebeba mbao mbili begani. Akanisindikiza mpaka mlangoni, na tukiwa pale akaniambia, bila kuulizwa, kwamba naye aliletwa hapa na ndugu zake na sasa yuko karakana ya useremala.

Mahali hapa pana historia ndefu kuliko nilivyodhani. Mwaka 1896 wamisionari wa Kijerumani wa Bethel walipaanzisha kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1904 wakaanza kupokea wagonjwa wa akili, na ndiyo maana Lutindi hutajwa kuwa hospitali ya kwanza ya aina hii Afrika Mashariki. Mirembe ya Dodoma, ambayo jina lake watoto wa shule wamelifanya tusi, ilifunguliwa 1927. Siku hizi Lutindi iko chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Dawa zipo, lakini asubuhi watu wanakwenda bustanini, kwenye useremala na kwenye kufuma.

Mpwa amenenepa. Amenisalimu, "Shikamoo mjomba," kwa sauti ya taratibu, halafu akanionyesha kigoda alichokitengeneza. Mguu mmoja ni mfupi kidogo. "Huu nimeukata ile wiki niliyokuwa natetemeka," akasema. Dawa za ugonjwa huu huweza kumtetemesha mtu, kumkaza shingo, au kumfanya ashindwe kukaa kitako. Walimwongezea kidonge kingine cha kuzuia hayo, mikono ikatulia. Vigoda vya baadaye vimesimama sawa, lakini amekataa kukitupa hiki.

Jioni nyumba ya wageni nimemwaza Thomas Adeoye Lambo, daktari wa Nigeria ambaye mwaka 1954, pale Aro karibu na Abeokuta, aliwaweka wagonjwa walale vijiji vya jirani na ndugu zao, asubuhi waende hospitali kutibiwa. Hata kwetu, enzi za ujamaa, vilianzishwa vijiji ambako wagonjwa wa akili walilima huku wakiendelea na matibabu. Kwa hiyo anayedhani huduma ya kijijini ni mradi ulioletwa juzi na wafadhili, hajui. Tulianza, kisha tukaacha njiani.

Jumanne: kwa muuguzi

Leo ndiyo siku niliyoijia.

Tumekaa watatu: sista, mpwa na mimi. Nilidhani mpwa atatolewa nje ili wakubwa wazungumze. Sista akamvutia yeye kiti kwanza.

Ameanza na dawa. Sindano ya mwezi amechomwa leo, ni dawa iliyo kwenye mafuta, inaingia msuli wa tako na kuachia polepole, hivyo anarudia kila wiki nne. Usiku anameza kidonge cha klopromazini. "Hiki," akasema, akinitazama mimi, "kinamfanya ngozi iungue jua upesi. Akienda shamba avae kofia pana na mikono mirefu. Na akiamka ghafla kitandani anaweza kuona kizunguzungu, akae kwanza." Hakuna mtu aliyewahi kutuambia habari ya jua. Zamani alipoacha vidonge alisema vinamchoma, sisi tukasema ndio wehu wenyewe huo.

Kisha akauliza, "Nyumbani nani atamkumbusha dawa?"

"Mama yake."

"Mara ngapi kwa siku?"

Mpwa akacheka, kicheko changu cha kwanza kukisikia tangu jana. "Sista, mama anauliza mpaka kwenye simu. Anauliza nikiwa chooni."

Sista hakucheka. Amesema mgonjwa anayesemwa kutwa, au anayelindwa kama yai, ugonjwa humrudia upesi kuliko anayeachiwa nafasi. Hili si lake la kubuni. Mtafiti George Brown na wenzake waliligundua London tangu miaka ya 1950, walipoona kwamba waliorudi kwenye nyumba za lawama nyingi na wasiwasi mwingi ndio waliorudi wodini. Na Juli McGruder, Mmarekani aliyekaa na familia za wagonjwa Zanzibar, aliona nyumba ambazo jambo hili huchukuliwa kuwa limekuja kwa Mungu au kwa masheitani, kwa hiyo mgonjwa halaumiwi. Siku ya kunyamaza ananyamaza, siku ya nafuu anapewa kazi. Mimi si mtu wa majini. Lakini kati ya jirani anayesema "ni jini, mwacheni apumzike" na msomi anayesema "jikaze, mwanaume gani wewe", najua nani nimpe mpwa wangu.

Halafu likaja la karatasi. Sista alichana ukurasa wa daftari, akampa mpwa kalamu. "Andika wewe. Ukianza kuumwa tena, inaanzaje?"

Alikaa muda mrefu. Nilitaka kumsaidia, sista akanyanyua kidole. Hatimaye akaandika, kwa herufi kubwa za mtu aliyeacha shule darasa la saba:

*1. Silali siku mbili.*
*2. Nazima redio za watu.*
*3. Sili chakula kilichopikwa na mtu.*
*4. Nasema siumwi.*

Hiyo ya nne sista aliisoma mara mbili. "Ukifika hapo utamsikiliza nani?"

Nilitega sikio nisikie "mjomba". Akasema, "Yule jirani wa bodaboda. Yeye hanigombezi." Basi nakala moja itakwenda kwa jirani wa bodaboda. Dada atapata ya pili. Mimi nimeipiga picha.

Nimemuuliza sista kama mafunzo haya hutolewa kila mahali. Amejibu kwa mabega. Najua Muhimbili na Mbeya uliwahi kujaribiwa mpango unaoitwa KUPAA, yaani Kuwezeshana Kupata Uzima, ambapo wagonjwa na ndugu zao walikaa kwenye vikao pamoja. Sisi familia tumefika hapa baada ya miaka mitano ya kuzunguka, na hii ni mara ya kwanza mtu yeyote kumuuliza mgonjwa mwenyewe ugonjwa wake unaanzaje.

Jumatano: kushuka

Barua ya rufaa, kadi, vidonge kwenye bahasha, kigoda. Kutoka Korogwe tumepata basi, dereva amefungulia redio mpaka mwisho. Nimekumbuka namba mbili ya ile karatasi, nikamtazama mpwa kwa pembeni. Alivaa kofia ya koti, akalala. Kwenye kona ya Kabuku akaamka, akaniambia bila kunitazama, "Bado wanaongea, mjomba. Ila wako mbali, kama watu wa kijiji cha pili."

Nikamuuliza wanasema nini.

"Mambo ya bei ya machungwa."

Sijajua kama ni utani.

Alhamisi: nyumbani

Watu wamekuja kutazama. Ni lazima nitumie neno hilo. Mzee mmoja, akiwa ameshika bakuli la uji wetu, ameniuliza mimi, mpwa akiwa hatua mbili: "Bado anapiga watu?"

"Shikamoo babu," mpwa akajibu. "Sijampiga mtu tangu nizaliwe." Na ni kweli. Aliyepigwa ni yeye.

Dada amemwandalia chumba cha uani. Ameweka godoro jipya, chandarua, zulia la plastiki, amejitahidi sana. Na mlangoni, upande wa nje, komeo jipya la chuma linalong'aa. Nilimtazama dada. "Kaka, wewe unaondoka," akasema. "Mimi ndiye ninayebaki naye usiku." Sikuwa na jibu, maana ni kweli pia. Kila anayesema jamii imtunze mgonjwa anamaanisha mwanamke mmoja mwenye miaka zaidi ya hamsini ambaye halali.

Mpwa aliliona komeo. Hakusema kitu. Baada ya adhuhuri aliazima bisibisi, akalifungua, akalihamishia ndani, akapima kwa dole gumba kama limekaa sawa. Kisha akamwita mama yake aje ajaribu kufunga na kufungua. Dada amefunga na kufungua mara kadhaa, akarudi jikoni.

Nimemwomba dada jambo moja: aulize dawa mara moja tu, usiku, baada ya chakula. Amesema atajaribu.

Ijumaa: dirisha la dawa

Kituo cha afya. Tabibu amesoma barua ya rufaa kwa heshima, amemwuliza mpwa maswali ya maana, akatuambia ukweli: vidonge vipo, sindano hakuna, na hajui italetwa lini. Ya uhakika ni hospitali ya wilaya, kliniki ya akili iko kila Jumanne.

Sera inasema wagonjwa wa akili wa muda mrefu watibiwe bila malipo. Lakini bure iliyo mbali ina bei yake. Bodaboda mpaka barabarani, basi, bodaboda tena, kurudi hivyohivyo, na lazima mtu wa kumsindikiza: ni shilingi 24,000 kwa watu wawili, pamoja na siku mbili za kibarua zilizopotea, yake na ya msindikizaji. Mwezi wa kwanza utalipa. Mwezi wa tatu utasema mbona amepona. Nawajua watu wanne ambao ugonjwa uliwarudia kwa namna hiyohiyo, na kila mara kijiji kilisema dawa za hospitali haziwezi jini.

Kwa hiyo kinachohitajika hapa ni mtu wa kumfuata asipokwenda, na huyo si lazima awe daktari. India walilipima jambo hili kwa wagonjwa 282 na kutoa matokeo 2014. Ethiopia, huko vijijini, walilipima kwa watu 166 na kuyatoa 2022. Kote walitumia wahudumu wa kawaida waliofundishwa, wanaokwenda nyumbani kwa mgonjwa, wanakaa na familia, wanatafuta kazi ya kufanya, wanamfuata anayepotea. Waliopata ziara hizo juu ya matibabu ya kawaida waliweza kuendesha maisha yao vizuri zaidi kuliko waliopata matibabu peke yake. Sikusema walipona wote.

Kwetu yupo mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mama mmoja mwenye daftari la watoto, wajawazito na wa kifua kikuu. Safu ya wagonjwa wa akili haina. Amechukua rula, akapiga mstari, akaandika jina la mpwa, halafu akanyamaza na kuandika mengine mawili chini yake. "Hawa nawajua," akasema. "Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Baada ya swala nimemsubiri shehe. Nimemuuliza la Ramadhani kabisa, kwa kuwa mwaka juzi ndipo dawa zilipoachwa. Amesema mgonjwa ana ruhusa ya kula. Na kwa hali hii kidonge ni cha usiku, sindano si chakula, akitaka kufunga na daktari akikubali afunge. Kombe, yale maandishi ya dua yanayooshwa kwa maji yakanywewa, atamwandikia, mama yake akipenda. "Anywe kombe na ameze dawa," akasema, "vyote viwili vinapita koo moja."

Jumamosi: kwa mganga

Sikupanga kwenda. Mwenyekiti wa kitongoji ndiye aliyesema twende, kwa kuwa yule mganga wa mnyororo bado anapokea wagonjwa.

Nilikwenda na hasira yangu. Mwembe upo palepale na gome lake lina mkato wa kuzunguka, chini ya kiuno cha mtu. Mnyororo haukuwepo, au ulifichwa. Mganga ametukaribisha kwenye mkeka. Nilipotaja mguu wa mpwa wangu, hakukana.

"Mlimleta wenyewe," akasema. "Kwenye pikipiki, katikati ya wanaume wawili, mmemfunga kamba ya katani. Mkaniambia asitoroke. Mkaondoka."

Mwenyekiti akatazama chini. Mimi sikuwepo siku ile, lakini mmoja wa wale wanaume wawili ni mdogo wangu.

Shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch liliripoti mwaka 2020 kwamba watu wenye maradhi ya akili hufungwa minyororo katika nchi zipatazo 60. Kwa hiyo Handeni haiko peke yake, na kumpeleka mganga mmoja polisi hakutaondoa sababu inayowafanya ndugu wabebe kamba. Makueni, nchini Kenya, watafiti wakiongozwa na Profesa David Ndetei walichagua njia nyingine: waliwafundisha waganga, viongozi wa dini na wahudumu wa jamii kumtambua mgonjwa na kumpeleka kituo cha afya. Nimemweleza mganga hilo. Ameuliza kama anayempeleka mgonjwa hospitali hupoteza ada yake. Swali la biashara, na la haki. Mwenyekiti amemwambia mnyororo ukionekana tena atawaita polisi, na namba ya kliniki ameiandika ukutani kwake kwa mkaa. Ataitumia au hataitumia.

Jumapili: Mkata

Nasubiri basi la Dar. Msimu wa machungwa umeshika kasi, mafuso yamepanga foleni mpaka kwenye kituo cha mafuta. Mpwa amevaa kofia pana ya dada na shati la mikono mirefu, anapakia tangu saa moja. Usingizi wa dawa unamchelewesha asubuhi, saa nne anachangamka.

Mambo ya mwezi ujao yako hivi. Kliniki ni Jumanne ya tarehe 12 Agosti. Muuguzi wa hospitali ya wilaya nimeongea naye kwa simu. Sindano ikiisha atapiga kabla hawajapoteza nauli. Atakayempeleka ni yule jirani wa bodaboda, na nauli nimemwachia yeye, dada mwenyewe ameomba iwe hivyo. Mhudumu wa jamii atapita Jumatano yake akitoka kupima watoto. Ile karatasi yenye mistari minne jirani ameiweka kwenye mfuko wa leseni.

Liko moja halijakwisha. Tajiri wa fuso amesema atamlipa nusu, eti huyu ni mgonjwa na amemsaidia tu. Mpwa ameshuka kwenye gari, amemsimamia mbele bila kupandisha sauti.

"Nikipakia sawa na wao, nilipe sawa na wao."

Tajiri amenitazama mimi. Nimemwonyesha kwa mkono kwamba anayeongea naye ni huyo. Wamekubaliana matenga yahesabiwe kesho jioni, yake na ya wenzake.